Aliyesikiwa Asisadikiwe

Kama mko jikoni mmeinjika chai, ama mko ndani ya matatu mkielekea kazini, ama mmelala kwa ugonjwa na redio ndiyo mgeni wenu wa asubuhi, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache. Na wewe unayeyasoma maneno haya gazetini, karibu pia.

Leo twataka kuzungumza habari za mchezo wa kuigiza. Twajua kwamba baadhi ya wazee wetu wamekwisha kukunja uso. Wengi wetu tulilelewa katika makanisa ambamo thieta ilihesabiwa pamoja na dansi na pombe, kuwa mambo ya dunia. Wakati wa Krismasi watoto waliruhusiwa kujifunga vitambaa kichwani wawe wachungaji wa kondoo, na mmoja akawa Herode mwenye taji la karatasi, na basi. Januari ikiingia hakuna kuigiza tena. Na zaidi ya hayo, mchezo tunaotaka kuwasimulia ulitoka katika chuo kikuu cha Wakatoliki! Vumilieni kidogo, wazee wetu. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba wayapime mambo yote, na lililo jema wasiliachie. Basi na tulipime hili.

Chuo chenyewe kinaitwa Georgetown, nacho kiko katika mji wa Washington, Marekani, juu ya kilima kinachoutazama mto Potomac. Kilianzishwa mwaka 1789 na John Carroll, ambaye mwaka huo huo alifanywa askofu wa kwanza wa Kikatoliki wa nchi ile, na tangu zamani kimelelewa na shirika la Wajesuiti. Hakuna chuo kikuu cha Kikatoliki katika Marekani kilicho kikongwe kuliko hicho. Wanafunzi wake wamekuwa wakiigiza kwa miaka mingi. Chama chao kiitwacho Mask and Bauble kilianza mwaka 1852, na mwaka 2005 chuo kilifungua jengo zima la sanaa, lenye kumbi za michezo. Wajesuiti hawakuona haya kuigiza. Tangu karne ya 16 shule zao huko Ulaya zilitumia maigizo kuwafundisha vijana habari za wokovu na hukumu. Na sala zina mahali pake pia hapo chuoni, wala si za Wakatoliki peke yao. Wako wachungaji wa Kiprotestanti wanaowahudumia wanafunzi, na tangu mwaka 1968 chuo kimekuwa na rabi wa Kiyahudi.

Ukitembea katika uwanja wa chuo hicho utaona benchi, na juu yake sanamu ya shaba ya mtu mwembamba ameketi, mwenye ubao wa chesi kando yake. Huyo ni Profesa Jan Karski. Alifundisha hapo kwa miaka ipatayo 40, akafariki mwaka 2000. Wanafunzi wake walimjua kuwa mwalimu mkali, mwenye adabu, aliyevaa suti nadhifu na kusema Kiingereza cha kigeni. Kwa miaka mingi wengi wao hawakujua jambo lolote jingine juu yake.

Mwaka 2014, ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe, mwalimu wa thieta hapo chuoni, Derek Goldman, pamoja na Clark Young aliyekuwa amesoma hapo hapo, walitoa mchezo juu ya maisha yake. Mchezaji mashuhuri David Strathairn alimwigiza Karski. Baadaye waliupunguza, wakauondoa umati wote jukwaani, akabaki mchezaji mmoja tu, na mwaka 2019 ukaonyeshwa tena Georgetown kwa jina la Remember This: The Lesson of Jan Karski, maana yake, Kumbuka Hili: Fundisho la Jan Karski. Mwaka 2021 ulionyeshwa mjini Washington nje ya chuo, mwaka 2022 ukafika New York, ukafanywa filamu pia. Jukwaani hakuna mapambo. Kuna meza na viti. Mzee mmoja anavaa koti, anavua koti, na kwa sauti yake tu anakuwa yeye mwenyewe, na maaskari, na mawaziri, na rais.

Sasa sikilizeni habari yenyewe, maana ndiyo inayotupeleka kwenye Neno la Mungu la leo.

Karski alizaliwa mwaka 1914 katika mji wa Łódź, Polandi, katika nyumba ya Wakatoliki wenye kumcha Mungu. Jina lake la kwanza lilikuwa Jan Kozielewski. Vita vilipoanza Septemba 1939 alikuwa askari kijana. Akatekwa na Warusi, akatoroka, akajiunga na Wapolandi waliopigana na Wajerumani kwa siri. Kazi yake ilikuwa utarishi: kuchukua habari kutoka Polandi iliyotekwa na kuipeleka kwa serikali yao iliyokuwa uhamishoni. Alikuwa na akili ya kukumbuka ya ajabu. Mwaka 1940 polisi wa siri wa Wajerumani, Gestapo, walimkamata huko Slovakia. Walimpiga mpaka akaogopa kwamba atawataja wenzake, naye akajikata mishipa ya mikono ili afe kabla ya kusema. Hakufa. Alipelekwa hospitali, na wenzake wakamtoa humo kwa hila.

Mtu mwingine angesema, nimekwisha fanya sehemu yangu. Lakini mwaka 1942, alipokuwa akijiandaa kwa safari ya London, viongozi wawili wa Wayahudi walikutana naye kwa siri mjini Warsaw. Wakamwambia mambo ambayo masikio hayakutaka kuyapokea: kwamba Wajerumani hawakuwa wakiwatesa Wayahudi tu kama watawala wabaya wanavyotesa watu, bali walikuwa wakiwaua wote, taifa zima, wazee kwa watoto. Wakamwomba awaambie wakubwa wa dunia. Wakamwambia pia kwamba angesadikiwa zaidi kama angeweza kusema, niliona kwa macho yangu.

Basi alikwenda kuona. Katika mji ule Wajerumani walikuwa wamewasonga Wayahudi zaidi ya 400,000 ndani ya mtaa mmoja uliozungushiwa ukuta, na tangu Julai mwaka huo treni ziliwachukua mamia ya maelfu kwenda kuuawa Treblinka. Karski aliingizwa humo mara mbili kwa njia ya siri. Aliona maiti zikiwa uchi barabarani. Aliona watoto ambao hawakuwa na nguvu ya kulia. Baadaye alisimulia kwamba yule aliyemwongoza alikuwa akimwambia tena na tena akumbuke aliyoyaona. Kisha akavaa sare ya askari walinzi akaingia Izbica, mahali ambapo watu walikusanywa kabla ya kusafirishwa, akaona wanavyosukumwa ndani ya mabehewa ya mizigo.

Kabla hajasafiri, daktari wa meno alimng'oa meno kadhaa ili kinywa kivimbe, asilazimike kusema mbele ya Wajerumani na kujulikana kwa matamshi yake ya Kipolandi. Habari zilizoandikwa zilifichwa ndani ya ufunguo. Akapita Berlin, mji wa adui, akapita Ufaransa na Hispania, na mwezi wa Novemba 1942 akafika London.

Hapo alisema. Alimweleza Anthony Eden, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Aliwaeleza wabunge na waandishi. Tuseme kweli, habari haikupotea yote. Tarehe 10 Desemba serikali ya Polandi iliwaandikia mataifa washirika, na tarehe 17 mwezi huo mataifa hayo yakatangaza mbele ya dunia nzima kwamba Wayahudi wanauawa na kwamba wauaji wataadhibiwa. Maneno yalikuwa mazito, lakini treni hazikusimama. Mjini London alikuwako Myahudi wa Polandi, Szmul Zygielbojm, ambaye Karski alimletea ujumbe wa ndugu zake. Alihangaika katika kila ofisi. Mwezi wa Mei 1943, Wayahudi waliokuwa wamebaki Warsaw walipokwisha kushindwa, alijiua, akaacha barua ya kusema kwamba hakuweza kuishi huku watu wake wakimalizwa na dunia ikitazama.

Mwezi wa Julai mwaka huo Karski alikuwa Washington. Na hapa mchezo ule unafika mahali ambapo, wasikilizaji wapenzi, sisi tulishindwa kuvumilia. Balozi wa Polandi alimkutanisha na Felix Frankfurter, jaji wa mahakama kuu ya Marekani, naye mwenyewe alikuwa Myahudi. Karski alisimulia yote, jaji akasikiliza asimkatize. Mwishowe jaji akasema kwamba hawezi kumsadiki. Balozi akaruka: je, unamwita kijana huyu mwongo? Jaji akajibu la, hasemi kwamba kijana anadanganya. Anasema kwamba yeye mwenyewe hana uwezo wa kuamini jambo hilo, ndivyo moyo na akili yake vilivyoumbwa.

Mnaliona jambo hilo? Hakumpinga. Hakumfukuza. Alimsikia mpaka mwisho, akajua kwamba shahidi ni mkweli, na bado mlango wa ndani haukufunguka.

Tarehe 28 Julai 1943 Karski aliingia kwa Rais Roosevelt, wakakaa zaidi ya saa moja. Karski mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Rais aliuliza mengi juu ya Polandi, hata habari za farasi wa wakulima, lakini hakuuliza swali hata moja juu ya Wayahudi. Januari 1944 Rais aliunda halmashauri ya kuwaokoa wakimbizi wa vita, na wako wanaosema kwamba ziara ile ilichangia. Huenda. Lakini Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa mwaka huo ulipoanza.

Baada ya vita Karski alinyamaza. Alikuwa ameandika kitabu mwaka 1944, sasa akakifunga. Akasoma Georgetown, akapata shahada ya udaktari mwaka 1952, akaanza kufundisha. Mwaka 1965 alimwoa Pola Nireńska, mchezaji dansi, binti wa Kiyahudi kutoka Warsaw ambaye jamaa zake wengi waliuawa. Yeye naye hakuwa na maneno ya kusema, lakini katika uzee wake alitunga dansi za kuwaombolezea wafu wake, zikaonyeshwa Washington mwaka 1990. Tuliosema kwamba dansi ni ya shetani, hapo tunapaswa kukaa kimya kidogo. Ilifika mwaka 1978 ndipo mtengenezaji wa filamu Mfaransa, Claude Lanzmann, alipomweka Karski mbele ya kamera. Alianza kusema, akalia, akainuka akatoka chumbani. Kisha akarudi, akasema.

Na mwaka 1981, alipoitwa kusema mbele ya mkutano mjini Washington, alisema neno ambalo kwetu sisi wahubiri lina uzito. Alisema kwamba wanadamu wametenda dhambi ya asili ya pili, na kwamba dhambi hiyo ilitendwa kwa mikono, na kwa kuacha kutenda, na kwa kujitia kutojua, na kwa ugumu wa moyo, na kwa kujipendelea, na kwa unafiki. Alisema kama Mkristo.

Tusiwasifu mno watu wa chuo kile. Nao walikuwa na sikio lao lililoziba. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272, wanaume kwa wanawake kwa watoto, waliokuwa watumwa katika mashamba ya shirika, wakasafirishwa Louisiana, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo. Wazao wa watu hao walingoja miaka 179. Tarehe 18 Aprili 2017 ibada ya toba ilifanywa hapo Georgetown, wazao wakiwapo, na kiongozi mmoja wa Wajesuiti akakiri mbele yao kwamba walitenda dhambi. Twalitaja hili kwa sababu chuo kinachoonyesha mchezo juu ya watu waliokataa kusikia kinahitaji kujitazama chenyewe, na inaonekana kilianza kujitazama. Kanisa letu nalo lina madaftari ya zamani.

Sasa fungueni Biblia zenu, kitabu cha Ezekieli. Wale waliokunja uso kwa ajili ya maigizo, tazameni mlango wa 4. Mungu anamwambia nabii wake achukue tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, auzingire kwa ngome na vyombo vya kubomolea kuta. Achukue bamba la chuma liwe kama ukuta kati yake na mji. Alale kwa ubavu wa kushoto siku 390, kisha kwa ubavu wa kuume siku 40, akila chakula kwa kipimo. Mlango wa 5 ananyoa nywele na ndevu zake, anazigawa kwa mizani. Huo ni nini kama si mchezo wa kuigiza? Ezekieli alikuwa na jukwaa lake mbele ya nyumba yake, na majirani wakaja kutazama. Nathani naye alipomwendea Daudi katika 2 Samweli 12 hakuanza na hukumu, alianza na hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake, na mfalme akaingia ndani ya hadithi asijue kwamba imejengwa kwa ajili yake.

Lakini nendeni mpaka mlango wa 33, aya ya 30 hadi ya 33. Hapo Bwana anamwambia Ezekieli jambo la kuhuzunisha. Anamwambia kwamba watu wanazungumza habari zake karibu na kuta na milangoni pa nyumba, wanaalikana waje wasikie. Wanakuja, wanaketi mbele yake kama watu wa Mungu. Wanayasikia maneno yake lakini hawayatendi. Kwao yeye amekuwa kama mwimbaji mwenye sauti nzuri na apigaye kinanda vizuri. Wanapendezwa. Wanarudi nyumbani wamependezwa.

Ndugu zetu, nabii aliyetukanwa bado ana tumaini, maana anayemtukana amelisikia neno likamchoma. Nabii anayepigiwa makofi ana shida kubwa zaidi. Na wale wanawake waliotoka kaburini asubuhi ya Pasaka, Luka anatuambia katika mlango wa 24 kwamba mitume wenyewe, watu waliokaa na Bwana miaka mitatu, waliona maneno yao kuwa upuuzi.

Sasa tuwaambie jambo letu wenyewe, na twalisema kwa aibu. Sisi wawili tunaotayarisha mazungumzo haya ni wazee wa kanisa. Katika kanisa tunamotumika, Jumapili ya vijana mwaka uliopita, vijana waliomba nusu saa baada ya mahubiri waigize. Mchezo wao ulikuwa juu ya mjane. Mume amekufa, matanga yamekwisha, na shemeji zake wanakuja jioni na karatasi mkononi. Kijana aliyekuwa shemeji mkubwa alijifunga mto tumboni chini ya koti, akatembea kwa maringo huku ameshika fimbo, nasi tukacheka mpaka machozi. Msichana aliyekuwa mjane alifunga sufuria zake ndani ya shuka moja, akatoka kwa mlango wa kando. Kanisa lilipiga makofi. Akina mama wakawapa vijana soda na mandazi. Sisi wawili tukaambiana njiani kwamba vijana hawa wana kipaji.

Jumatano yake yule msichana alikuja nyumbani kwa mmoja wetu, na mwenzake alikuwapo. Alitusalimu kwa heshima, akakataa kuketi. Akasema, "Wazee, ule mchezo hatukuutunga. Ni yule mama anayeketi karibu na dirisha, nyuma ya kwaya. Tulidhani mtamjua."

Tulimjibu kwamba tutalitazama. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yetu. Na mioyoni mwetu, twakiri, hatukusadiki. Hatukumwita msichana mwongo, la. Lakini yule shemeji mkubwa tulimfahamu. Ni mtu wa harambee. Mabati ya upande mmoja wa kanisa letu yalinunuliwa kwa mchango wake. Tukasema haiwezekani, mtu huyu tunamjua. Miezi miwili ikapita. Pale karibu na dirisha pakawa wazi, na hakuna aliyeuliza.

Ilikuwa baada ya kuutazama mchezo ule wa Georgetown, tulipofika mahali pa jaji, kwamba mmoja wetu alizima mashine akasema, "Sisi ni huyu." Tulikwenda kumtafuta mama huyo kesho yake. Tulimkuta katika chumba kimoja cha kukodi nyuma ya soko, yeye na watoto watatu. Alituwekea stuli, akachemsha chai. Alitueleza kwamba shemeji zake walipata barua ya chifu ya kufungulia kesi ya urithi, na jina lake halimo. Wanasema hakuwa mke, aliishi tu na ndugu yao. Cheti cha ndoa kilikuwa ndani ya sanduku la marehemu, na sanduku walilichukua siku ya tatu baada ya mazishi.

Kisha akatuuliza, "Mliuona mchezo wa vijana?"

Tukasema, "Tuliuona, mama."

"Nami nilikuwapo. Niliwaona mkicheka. Nikajua mkimaliza kucheka mtakuja."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa akimimina chai.

Jioni ile tulimwomba mchungaji ufunguo wa kabati la ofisi. Kitabu cha ndoa kilikuwa rafu ya chini, kimeliwa na mende pembeni. Tulikifungua mwaka baada ya mwaka mpaka tukaufikia ukurasa. Jina la bwana arusi lilikuwapo, na la bibi arusi, na tarehe, na muhuri wa kanisa, na sahihi za mashahidi wawili. Mmoja wa mashahidi amekwisha kulala katika Bwana. Sahihi ya pili ni ya mmoja wetu, na alikuwa amesahau.

Kesi itatajwa tena Alhamisi ijayo. Yule ndugu wa mabati amekwisha kupata habari, naye hajafurahi. Jumapili iliyopita hakutusalimu, na wako wazee wenzetu wanaotuuliza kama tunataka kulivunja kanisa. Basi twawaomba mtuombee. Na sasa popote mlipo, inamisheni vichwa tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyemsikia Hajiri jangwani kabla hajamaliza kulia, twakuletea kila mtu aliyesema akasikiwa asisadikiwe. Uwarehemu wazao wa wale waliouawa Polandi, na wa wale waliouzwa Maryland. Uwabariki vijana wanaoigiza makanisani mwetu na vyuoni, uwape ujasiri wa kutuonyesha tusiyopenda kuona. Utusamehe kicheko chetu. Mkumbuke mama yule na watoto wake watatu katika chumba chao cha nyuma ya soko. Na Alhamisi, Bwana, utuamshe mapema, tusikose gari, tufike na kitabu mkononi. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.